Udugu Kwanza, Huduma Ikafuata: Klabu za Kujitolea kutoka Chicago mpaka Nakivale

Leo tunawaletea historia. Tunajua wengine mtasema, historia ya nini wakati rasheni imepungua na watu wanawaza watakula nini? Lakini ndiyo maana tumeichagua hii. Kwenye kikundi chetu kuna swali linalorudi karibu kila Jumamosi tukimaliza kazi: "Sisi wakimbizi, ambao wenyewe tunangoja kusaidiwa, tunajitolea kwa faida gani?" Wenzetu kadhaa wameliuliza, hawakuridhika na jibu, wakaondoka. Waliobaki wanaliuliza kimya kimya. Basi tukaona heri tuwaangalie wale walioanzisha hizi klabu za kujitolea: walikuwa nani, walianza vipi, na nini kiliwafanya waendelee.

Kwanza tusafishe neno

Hapa kambini ukisema "volontia", watu wanamfikiria mtu mwenye koti la shirika, ambaye mwisho wa mwezi anapokea insentivu. Hiyo ni kazi, tena kazi ya maana, na wengi wetu tunaifanya au tunaitafuta. Lakini si hiyo tunayoiongelea leo. Pia si ile salongo ambayo wazazi wetu kutoka Kongo wanaikumbuka tangu enzi za Mobutu, kazi ya pamoja ambayo usipokwenda unatafutwa. Kule Rwanda kuna umuganda kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Una faida yake, lakini umewekwa na sheria.

Klabu ya huduma ni kitu kingine. Watu wanakuja wenyewe, wanakutana siku yao, wanachanga kidogo walicho nacho, na wanachagua wenyewe ni shida gani waishughulikie. Kitu kinachokaribiana nayo kwetu ni likelemba ya mama zetu. Kila mmoja anatoa, leo anapokea huyu, kesho yule, na kinachoishikilia ni kuaminiana tu. Tofauti ni moja: likelemba inazunguka ndani ya wenyewe, lakini klabu ya huduma inatoka nje kwa mtu ambaye hajachanga kitu. Mshike hiyo tofauti, kwa sababu hata Rotary, ambayo leo inajulikana dunia nzima, ilianza kama likelemba.

Mgeni ndani ya mji mkubwa

Paul Harris alizaliwa mwaka 1868 Marekani, katika jimbo la Wisconsin. Baba yake alipofilisika, mtoto akapelekwa kulelewa na babu na bibi yake kijijini, jimbo la Vermont. Akasoma sheria, halafu akazunguka miaka akifanya kazi za kila namna. Mwaka 1896 akafungua ofisi ya uwakili Chicago.

Chicago ya wakati ule ilikuwa na watu zaidi ya milioni moja na nusu, na wengi walikuwa wametoka ng'ambo: Wajerumani, Waairishi, Wapolandi, watu wa Sweden, kila mtaa na lugha yake. Harris alikuwa na wateja, lakini marafiki hakuwa nao. Jumapili ndiyo ilikuwa siku ngumu kwake, kwa sababu ofisi imefungwa na hakuna wa kumtembelea. Sisi hapa tunaielewa hiyo bila kufafanuliwa. Umefika mahali papya, watu wamejaa kila upande, na hakuna hata mmoja anayekujua jina.

Tarehe 23 Februari 1905 akakutana na watu watatu katika ofisi ya mmoja wao, Gustavus Loehr, aliyekuwa mhandisi wa madini. Wengine walikuwa Silvester Schiele, mfanyabiashara wa makaa ya mawe, na Hiram Shorey, fundi cherehani. Baadaye kidogo akaingia Harry Ruggles, mwenye mtambo wa kuchapa, na huyu ndiye aliyewaanzisha kuimba kwenye mikutano. Walikuwa wanakutana kwa zamu, leo ofisi ya huyu, wiki nyingine ofisi ya yule. Ndiyo maana wakajiita Rotary, maana yake kitu kinachozunguka. Na walichukua mtu mmoja tu kutoka kila kazi, ili wasigombanie wateja.

Tuseme ukweli, mwanzoni hawakuwa wakimsaidia mtu wa nje. Fundi cherehani alinunua makaa kwa mwenzake, na mwenye makaa alichapisha karatasi zake kwa mwenzake. Urafiki mzuri, biashara nzuri, mambo yote ndani kwa ndani.

Choo kilichobadilisha klabu

Mwaka 1906 wakamkaribisha wakili mwingine, Donald Carter. Huyu akasikiliza taratibu zao, halafu akakataa kuingia. Hoja yake ilikuwa kwamba klabu isiyofanya kitu kwa ajili ya mtu asiye mwanachama haina maisha marefu. Wangeweza kumkasirikia, lakini Harris aliona mtu huyu anasema kweli. Utaratibu ukabadilishwa, na Carter akaingia.

Basi kazi yao ya kwanza kubwa ilikuwa nini? Msicheke: choo. Mwaka 1907 waliwaita watu wa vikundi vingine vya mji ili kudai vyoo vya umma katikati ya Chicago. Wakati ule mwanaume akibanwa mjini alilazimika kuingia baa, na mwanamke alilazimika kuingia duka kubwa. Wenye viwanda vya bia na wenye maduka wakapinga, wakisema vyoo wanavyo tayari, vya nini vingine? Wanachama hawakuacha. Ilichukua kama miaka miwili mpaka choo kikajengwa karibu na jengo la halmashauri ya mji.

Sisi tunaoishi mahali ambapo familia nyingi zinagawana choo kimoja, hatuhitaji mtu atueleze kwa nini hiyo ilikuwa huduma ya kweli. Tuone pia kwamba hawakutoa msaada wakaondoka. Walikaa na wengine, wakasumbua wakubwa, wakangoja, wakarudi tena.

Aliyehitaji msaada ndiye akaonyesha njia

Rotary haikuwa peke yake. Mwaka 1917, Chicago hiyohiyo, mfanyabiashara wa bima jina lake Melvin Jones alianzisha klabu za Lions kwa wazo lilelile, kwamba wafanyabiashara wasikae tu kuongelea faida yao. Miaka minane wakafanya kazi za hapa na pale. Halafu mwaka 1925, kwenye mkutano wao mkuu huko Ohio, akasimama mbele yao Helen Keller, mwanamke aliyepoteza macho na masikio akiwa hajatimiza miaka miwili. Hakwenda kuomba pesa yake. Aliwapa kazi: muwe watetezi wa wasioona. Mpaka leo Lions wanajulikana kwa kazi ya macho, upasuaji wa mtoto wa jicho na miwani.

Hapo pana somo kwetu. Aliyewapa Lions kazi yao ni mtu ambaye wengine wangemwandika kwenye orodha ya wa kusaidiwa. Yeye ndiye aliyeijua shida kutoka ndani.

Mlango uliochelewa kufunguka

Sasa tusifikiri hizi klabu zilikuwa za malaika. Zilipofika Afrika, zilikuja na ukoloni. Nairobi ilipata klabu ya Rotary mwaka 1930, na ilikuwa ya wakubwa wa mji, si ya watu kama sisi. Na wanawake? Kwa zaidi ya miaka 80 Rotary ilikuwa ya wanaume tu. Klabu moja ya California, ya mji wa Duarte, iliingiza wanawake miaka ya 1970, na mwaka 1978 ikafukuzwa kwa sababu hiyo. Kesi ikaenda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1987 mahakama ikasema wanawake hawawezi kuzuiwa. Mwaka 1989 Rotary yenyewe ikafungua mlango dunia nzima. Mwanamke wa kwanza kuwa rais wa Rotary ya kimataifa, Jennifer Jones kutoka Kanada, alianza kazi mwaka 2022.

Tunalisema hili kwa makusudi. Hata kwenye vikundi vyetu kuna wanaodhani dada zetu wako pale kupika chai ya mkutano. Mwangalie huduma kubwa ambayo Rotary imesaidia, chanjo ya polio. Mwaka 1985 walianza kuchangisha pesa ili kila mtoto apate chanjo. Mwaka 1988 walishirikiana na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na wengine kuanzisha mpango wa dunia nzima. Wakati ule polio ilikuwa ikipooza watoto kama 350,000 kila mwaka, katika nchi zaidi ya 125. Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilitangazwa haina tena polio ya asili. Aina nyingine ya virusi bado inazuka, kwa hiyo matone yanaendelea. Na matone hayo nani anayapitisha nyumba kwa nyumba? Sehemu nyingi ni mama na dada zetu, na boksi la baridi begani.

Nakivale

Sasa turudi karibu. Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, imepokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950, walipokuja Wanyarwanda. Leo kuna Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine. Mwaka 2016 vijana wa pale walianzisha klabu ya Rotaract. Rotaract ni tawi la vijana la Rotary, lililoanza mwaka 1968. Ya Nakivale ilikuwa miongoni mwa klabu za kwanza kabisa ndani ya makazi ya wakimbizi. Msukumo mmoja ulitoka kwa Sam Owori, Mganda aliyechaguliwa kuja kuwa rais wa Rotary ya kimataifa. Alifariki Julai 2017 kabla ya kushika kiti.

Mmoja wa viongozi wa klabu ile, Paul Mushaho, ni mkimbizi kutoka Kongo. Mwaka 2018 Rotary ilimheshimu Nairobi pamoja na vijana wengine. Wanachama walifuga nyuki ili wapate kipato, na walijipanga kuwasaidia wazee na wageni wanaofika bila kitu. Hawakungoja kwanza waitwe matajiri. Kwenye karatasi za mashirika walikuwa "wanufaika", lakini wakajiandika upya wenyewe.

Sisi tunachukua nini?

Tunachukua mambo machache, na tunayasema wazi.

Kwanza, udugu ndio unaanza. Harris hakuanza na mradi, alianza na watu wanne wanaojuana jina. Kikundi chetu kina wenzetu wawili ambao huko nyumbani, upande wa Fizi, familia zao zisingekaa benchi moja. Hapa wanabeba bidoni za maji za bibi mmoja asiyeweza kufika bombani. Hatukuwafanyia semina ya amani. Kazi iliwakutanisha, maneno yakaja polepole baadaye. Hilo peke yake linatujibu nusu ya lile swali la faida.

Pili, tusibaki likelemba. Tukisaidiana sisi kwa sisi ni vizuri, lakini Carter alikuwa na haki. Kila mwezi iwepo kazi moja kwa ajili ya mtu ambaye hatumjui na hatatulipa.

Tatu, tuanze na kitu kidogo kinachoonekana: mtaro wa maji machafu, choo cha shule, kumsindikiza mgeni mpya kwenda kujiandikisha. Na tukikianza, turudi mpaka kiishe.

Nne, mlango uwe wazi. Dada awe mwenyekiti kama anaweza. Mwenye ulemavu asiwe tu wa kupelekewa sabuni, aulizwe anaona shida gani. Na asiyejua Kiswahili vizuri atafutiwe mkalimani, asiachwe nyuma kwenye kona.

Na tano, tusidanganyane kuhusu tumbo. Kujitolea hakujazi sahani. Anayepata kibarua Jumamosi aende akafanye kazi alishe watoto, asionekane msaliti. Akipata nafasi atarudi. Hapa Uganda posho ni unga, na unga lazima upatikane kabla ya hotuba.

Na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, tunawaomba kitu kimoja. Mkiona vijana wanasafisha kisima wenyewe, msiwahi kukigeuza kuwa mradi wenye fulana na picha. Siku mradi ukiisha, kisima kitabaki bila mtu, kwa sababu watu watakuwa wamejifunza kungoja kulipwa. Tuulizeni kwanza tunakosa nini. Mara nyingi ni koleo mbili, glavu, na ruhusa ya kutumia chumba cha kukutania.

Wenzetu mlioondoka kwenye kikundi, hatuna hasira na nyinyi. Swali lenu lilikuwa halali, na tumejaribu kulijibu kwa historia badala ya kubishana. Jumamosi hii tunamalizia ule mtaro unaomwaga maji kwenye njia ya watoto wa shule. Tunaanza saa mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mwenye jembe aje na jembe, na asiye nalo aje tu.