Ng'ombe Waliao Chini ya Ziwa Chala

Mashariki ya Kilimanjaro, pale mpaka wa Kenya na Tanzania unapokata maji kwa mstari usioonekana, lipo ziwa lisiloingiwa na mto wala kutokwa na mto. Ndilo Chala. Msafiri halioni mpaka asimame ukingoni mwa kreta. Hapo hulikuta chini ya magenge marefu, kilomita za mraba 4 hivi, na kina kipatacho mita 90. Maji yake huja kutoka mlimani kwa njia za chini ya ardhi.

Charles New, mmisionari wa Ribe karibu na Mombasa, alifika hapo mwaka 1871. Ngano iliyosikiwa na wageni wa zama hizo yasema kwamba palikuwa na kijiji cha Wamasai. Ardhi ikapasuka, kikaangamia watu na mifugo. Mwenye kutega sikio, waliambiwa, husikia bado ng'ombe wakilia majini.

Ni rahisi kuisema ngano hii kuwa kumbukumbu ya volkano. Tope la ziwa lakataa. Mwaka 2016 watafiti walichimbua zaidi ya mita 200 za tope hilo, nalo likahesabiwa umri wa miaka ipatayo 250,000. Sehemu kubwa yake limejipanga tabaka jembamba kwa kila mwaka: jeupe la kiangazi chenye upepo, jeusi la masika, mshororo mmoja, mtu angesema, wenye ukwapi na utao. Ziwa lilipozaliwa hapakuwa na Mmasai wala ng'ombe wa kufugwa duniani.

Lililo muhimu, basi, ni nani alikuwa akisimulia. Ngano ilisimuliwa upande wa Taveta, kwa watu waliojificha ndani ya msitu na kuziba njia zake kwa magogo, kwa kuwahofu Wamasai waliokuja kuteka mifugo. Kwa mtu wa namna hiyo, boma la adui kumezwa na ardhi si habari ya miamba. Ni apizo lililovishwa nguo ya historia.

Hata hivyo apizo hilo lina huruma ya ajabu. Wamasai wenyewe wamenyamaza kabisa. Ng'ombe, ambao huenda baadhi yao walikuwa wa jirani kabla ya kutekwa, msimuliaji hakuthubutu kuwaua. Amewaacha humo, wangali wakilia.