Viunzi vya JavaScript na Ukomavu Wake

Viunzi vya JavaScript ni mikusanyo ya msimbo uliokwisha kuandikwa, ambayo mwandishi wa programu za wavuti huitwaa iwe msingi wa kazi yake, ili asilazimike kuanza upya kila mara kupanga vitufe, fomu na majedwali yanayobadilika mbele ya macho ya mtumiaji. Lugha yenyewe iliundwa na Brendan Eich wa kampuni ya Netscape mwaka 1995, na kwa muda mrefu ilitumiwa zaidi kwa mapambo ya kurasa. Walakini tangu ilipotoka jQuery ya John Resig mwaka 2006, na hususan AngularJS ya Google mwaka 2010, kazi nzima za ofisi zimehamia ndani ya kivinjari, na kuchagua kiunzi kumekuwa jambo la kugharimu taasisi miaka na fedha.

Ukomavu aghalabu hupimwa kwa umri wa kiunzi, wingi wa wafuasi na idadi ya maktaba zilizojengwa juu yake. Vipimo hivyo vina haki yake, ila havifiki kwenye kiini. Kiunzi kilichokomaa ni kile ambacho, kitoapo toleo jipya, hakiwatupi wale waliokwisha kujenga juu ya toleo la kale. Na sifa hii huonekana wazi zaidi mahali penye mafundi wachache kuliko penye mafundi wengi.

Ushahidi wa karibu ni DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ulioasisiwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, ambao Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania, kwa ushirika wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikakamilisha uenezi wake mwaka 2013. Kwa utaratibu uliozoeleka, mhudumu wa zahanati katika kata ya pembezoni, mathalani Buger wilayani Karatu, hujaza vitabu vya MTUHA, yaani vya taarifa za huduma za afya, kwa kalamu na kujumlisha hesabu za mwezi katika fomu, kisha fomu hupelekwa wilayani, ambako tarakimu huingizwa katika DHIS2 kisanduku kimoja kimoja. Katika ukurasa wa zamani wa kuingizia takwimu, kisanduku kilikuwa cha manjano tarakimu ilipoandikwa, na kiligeuka kijani ilipohifadhiwa. Mtandao ulipokatika, kivinjari kilizitunza tarakimu hizo ndani yake mpaka mtandao uliporejea. Ukurasa huo uliandikwa kwa jQuery, na ulitimiza dhamana yake kwa miaka mingi bila makuu.

Programu ya DHIS2 ya kuwafuatilia wagonjwa mmoja mmoja, Tracker Capture, iliandikwa kwa AngularJS. Mwaka 2016 Google ikatoa Angular 2, iliyoandikwa upya kabisa kwa lugha ya TypeScript, na kuhama kutoka kiunzi cha kale kwenda kipya kukawa kazi nzito ya mikono. Mwisho wa Desemba 2021 AngularJS ikakoma kuhudumiwa. Wajenzi wa DHIS2 wakaandika programu nyingine, Capture, kwa React. Nguvu iliyotumika mara ya pili ingaliweza kujenga mengi mengine, na wanaojifunza upya mahali pa kubofya ni watumishi wa wilaya.

Angular ya leo imejirekebisha kwa namna ya kusifiwa: hutoa toleo kuu kila miezi 6, hulihudumia kwa miezi 18, na huja na zana ya kuhamisha msimbo wa kale. React, iliyoanzishwa na Jordan Walke na kutolewa hadharani na Facebook mwaka 2013, imekuwa na staha zaidi kwa urithi wake. Mtindo mpya uitwao Hooks ulipoingia Februari 2019, msimbo wa mtindo wa madarasa uliendelea kufanya kazi pasipo kuguswa. Taksiri yake ni kwamba huacha mambo mengi, kama vile uelekezaji wa kurasa, kwa maktaba za nje, nazo hazina umri wala uaminifu ulio sawa.

Vue ya Evan You, ya mwaka 2014, ni nyepesi kwa mwanafunzi. Toleo la 3 lilitoka Septemba 2020 na la 2 likahudumiwa hadi mwisho wa 2023, muhula wa haki ijapokuwa baadhi ya maktaba zilichelewa kuhama. Svelte ya Rich Harris, ya mwaka 2016, hutafsiri msimbo kabla haujafika kwenye kivinjari, na aghalabu mzigo wake ni mdogo, jambo lenye thamani panapotumika bando la simu. Ila toleo la 5 la Oktoba 2024 limebadilisha namna ya kuandika, hata kama namna ya kale ingali inakubaliwa.

OpenMRS, mfumo wa majalada ya wagonjwa uliochipuka mwaka 2004 kutokana na kazi ya mpango wa afya wa AMPATH mjini Eldoret, umelikabili suala hili la mabadiliko ya viunzi kwa njia nyingine: toleo lake la 3, lililojengwa kwa React, limeugawa ukurasa katika vipande vinavyojitegemea, hata kipande kimoja kikichakaa huweza kuondolewa na kuandikwa upya, vingine vikiendelea na kazi.