UZI: Mvua ikinyesha, nani ana ufunguo wa shule?

1/ Kila masika vita vya mtandaoni ni vile vile. Mmoja anaandika "serikali imechelewa kufunga shule". Mwingine anajibu "kwani mnataka serikali izuie mvua?" Wanarushiana maneno mpaka jua litoke, kisha wote wanasahau mpaka mwaka ujao. Mimi niko Remba, kisiwa kidogo cha wavuvi upande wa Homa Bay, mpaka wa Migori ukiwa si mbali. Huku swali hilo si la kubishania tu. Huku kufungua shule maana yake ni kumpandisha mtoto kwenye boti.

2/ Kama kawaida yangu, sitaji mwanasiasa wala chama. Tuangalie historia tu: mihula yetu ilitoka wapi, nani anaweza kuisogeza, na gharama ya kuchelewa kuisogeza inamwangukia nani.

3/ Kenya tuna mihula mitatu. Wa kwanza Januari, wa pili mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei, wa tatu karibu na Septemba. Vyuo vya ufundi navyo husajili mara tatu: Januari, Mei na Septemba. Mpangilio wa mihula mitatu tuliurithi kwa mkoloni. Sasa angalia muhula wa pili. Masika huku ni Machi hadi Mei. Yaani tarehe moja kati ya hizo tatu inaangukia ndani ya mvua kila mwaka, na bado kila mwaka tunashtuka kama tumepigwa ghafla.

4/ Kuna jambo lingine watu wa bara hawalijui. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai uvuvi wa omena husimamishwa ili samaki wazaane. Sipingi, ziwa linahitaji kupumzika. Lakini kwa nyumba inayokula kwa omena, karo ya muhula wa pili na ada ya usajili wa Mei zinadaiwa wakati wavu umening'inizwa. Ukisikia mtu akisema "watu wa visiwani hawathamini elimu, wanachelewa kuripoti", muulize kama amewahi kuweka kalenda hizo mbili mezani, moja kando ya nyingine.

5/ Turudi nyuma. Mwishoni mwa 1961 mvua ilinyesha vibaya Afrika Mashariki, na Ziwa Victoria likaanza kupanda. Lilipanda zaidi ya mita mbili, na kilele kikawa Mei 1964. Mashamba ya ufukweni yalizama na watu wakahama. Katika miezi hiyo hiyo Kenya huru ilikuwa inajipangia elimu yake. Tume iliyoundwa Desemba 1963 iliongozwa na Simeon Ominde, mtaalamu wa jiografia na mtu wa Nyanza. Yaani elimu ya taifa jipya ilipangwa ziwa likiwa limejaa kuliko wakati wowote uliokuwa umepimwa. Hata hivyo mihula mitatu ilibaki, na masika ikabaki ndani yake.

6/ Wazo zuri zaidi kwa watu kama sisi lilitoka kwingine. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa ripoti kuhusu vijana wanaomaliza msingi na kukosa pa kwenda. Hapo ndipo vyuo vya ufundi vya vijijini vilipozaliwa. Maana yake ilikuwa rahisi: fundisha useremala, uashi na ushonaji karibu na kwao, kwa gharama ndogo, bila bweni kubwa. Mwanafunzi anayelala kwao haitaji ahirisho la kitaifa. Mvua ikizidi leo, anakuja kesho.

7/ Sasa njoo kwenye Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Hapa ndipo mijadala mingi hupotea, kwa hiyo soma polepole. Chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini ni kazi ya kaunti. Sera ya elimu, shule za msingi, sekondari na taasisi kubwa ni za serikali ya kitaifa. Feri na bandari ni za kaunti. Maafa yamewekwa kote kuwili. Utabiri unatoka Idara ya Hali ya Hewa, nayo ni ya kitaifa.

8/ Hesabu sasa kwa mwanafunzi mmoja wa Remba. Tarehe ya kuripoti imepangwa Nairobi. Utabiri umetoka Nairobi. Gati ni jukumu la kaunti. Boti ni ya mtu binafsi. Aliye ufukweni akiangalia wingu ni kiongozi wa BMU na nahodha. Kila mmoja ameshika kipande chake. Ndiyo maana mambo yakiharibika kila mmoja anaweza kumnyooshea mwenzake kidole, na kisheria asiwe anadanganya.

9/ Mfano wa karibuni ni 2024. Muhula wa pili ulikuwa ufunguliwe Jumatatu, 29 Aprili. Mafuriko yalikuwa yameshatapakaa nchini. Tangazo la kuahirisha hadi 6 Mei lilitoka usiku wa kuamkia siku yenyewe ya kufungua. Tarehe 3 Mei ufunguzi ukaahirishwa tena, safari hii bila tarehe. Siku chache baadaye ikatangazwa 13 Mei, na shule zikafunguliwa siku hiyo.

10/ Wengi walibishana kama kuahirisha kulikuwa sahihi. Kwangu kulikuwa sahihi, maisha ni kwanza. Shida ni saa. Mwanafunzi wa mjini akipata taarifa usiku, asubuhi anabaki kitandani. Wa kisiwani hangoji Jumatatu. Anaondoka siku moja au mbili mapema: boti hadi Mbita, halafu matatu. Tangazo la usiku wa manane linamkuta ameshavuka maji na nauli imeshaliwa. Yaani ule usalama uliokusudiwa haukumfikia, kwa sababu hatari yake iko njiani, na njia alikuwa ameshaipita.

11/ Na ziwa si mchezo. Makadirio yanayotajwa sana na wataalamu wa hali ya hewa ni kwamba watu 3,000 hadi 5,000 hufa kila mwaka katika Ziwa Victoria lote, wengi wakiwa wavuvi na wasafiri wa vyombo vidogo. Dhoruba nyingi huja usiku na alfajiri, saa ambazo mtu wa safari ndefu anataka kuwa ameshang'oa nanga. Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliratibu mradi wa HIGHWAY kati ya 2017 na 2021 ili maonyo yawafikie watu wa ziwani. Kwa hiyo sentensi ya "hatukuweza kujua" imezeeka.

12/ Na usiniambie serikali haiwezi. Novemba 2023, mvua ya El Niño ikiwa imekata barabara kaskazini, karatasi za mtihani wa kidato cha nne zilipelekwa kwa helikopta. Mtihani ulifika. Sisemi kila mwanafunzi abebwe kwa helikopta, la. Ninachosema ni kwamba jambo likipewa mwenye kulisimamia na saa ya kulifanya, linafanyika.

13/ Wengine wamefanyaje? Ufilipino ni nchi ya visiwa na tufani. Agizo lao la 2012 liliweka kanuni isiyongoja hotuba ya mtu. Kwa agizo hilo, onyo la upepo likifika namba 1, chekechea zilifungwa zenyewe. Namba 2, msingi na sekondari. Namba 3, mpaka vyuo. Pasipo onyo la tufani, kiongozi wa eneo ndiye anayeamua, na kwa siku nzima anatakiwa atangaze kabla ya saa kumi na nusu alfajiri. Kanuni imeandikwa, mzazi anaijua kabla wingu halijatokea.

14/ Kuna hoja ya upande wa pili na ni ya haki. Ukifunga kila mvua ikinyesha, watoto wa ziwani watabaki nyuma, na mtihani hautawasubiri. Kweli. Ndiyo maana mimi siombi kufunga zaidi. Mwaka 2020 shule zilifungwa kuanzia Machi kwa sababu ya korona, na Mei hiyo hiyo ziwa likavunja rekodi ya 1964. Tunajua kufunga kunauma. Ninachoomba ni kidogo zaidi: mwanafunzi aliyezuiwa na ziwa asihesabiwe kuwa mtoro.

15/ Hapa ndipo panapouma kwa vyuo. Namjua kijana wa hapa aliyengoja siku nne upepo utulie. Alipofika chuoni, sitakitaja, aliambiwa usajili umefungwa, arudi Septemba. Hakurudi. Sasa anavua. Kuvua ni kazi ya heshima, lakini yeye alikuwa amechagua umeme. Hakuna aliyefunga chuo chake kwa mvua. Dirisha lake tu ndilo lililofungwa, na kwenye takwimu yeye ataonekana kama mtu ambaye "hakuripoti".

16/ Kwa hiyo mgombea wa ngazi yoyote akija ufukweni na kofia na fulana, kabla hujapokea muulize maswali matatu.
Moja: tangazo la kuahirisha litatoka saa ngapi kabla ya siku ya safari, si kabla ya siku ya masomo?
Mbili: onyo la Idara ya Hali ya Hewa kuhusu ziwa litampa mwanafunzi siku ngapi za nyongeza za kusajiliwa, na nani atatia sahihi? BMU inaweza kuthibitisha kwamba boti hazikutoka.
Tatu: chuo cha ufundi cha kaunti kilicho karibu nasi kinafundisha nini, na kina walimu?

17/ Akijibu "tutawajengea", hajajibu. Hakuna swali kati ya hayo linaloanza na saruji. La kwanza linahitaji saa, la pili sahihi, la tatu mwalimu. Ukiona swali la nne nililoliacha, liweke hapo chini.