Wingi wa Walaji kama Ushahidi: Mama Lishe wa Mwaloni, Kirumba

Mfanyabiashara mgeni anayefika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, wilayani Ilemela, kununua dagaa wa kupeleka Kongo au Burundi, hawezi kuonja sufuria ya kila mama lishe kabla ya kuketi. Huangalia benchi lililojaa, akaenda hapo. Mwaka 1992 mwanauchumi Abhijit Banerjee alitumia mfano wa migahawa miwili jirani kuonyesha hatari ya uamuzi huo: wateja wa mwanzo wakikosea, wanaofuata huacha wanachokijua wakawaandama, na mgahawa bora ukabaki mtupu. Hoja hiyo ni nzito, lakini huko Mwaloni inapungua nguvu, kwa kuwa jambo la msingi si walaji ni wangapi bali ni akina nani.

Wachukuzi na wachuuzi wa sokoni hula palepale siku baada ya siku. Hawaigi mtu, wanahukumu kwa chakula cha jana na juzi. Ugali ukiwa mbichi, au sato akiwa amelala, kesho wanahama. Tena wingi wao wenyewe hukiboresha chakula: pasipo jokofu, sato aliyekaangwa asubuhi akaisha kabla ya saa nane ni salama kuliko anayepashwa moto hadi jioni. Umati hapo hautangazi ubora tu, unauzalisha. Wala si kweli kwamba watu hufuata chochote kinachowang'aria machoni. Katika jaribio la wanauchumi Cai, Chen na Fang mjini Beijing, lililochapishwa mwaka 2009, wateja walipoonyeshwa vyakula vitano vinavyoagizwa zaidi, mauzo ya vyakula hivyo yalipanda kwa asilimia 13 hadi 20. Vyakula vilivyoonyeshwa bila taarifa hiyo havikupanda kwa kiwango cha maana.

Yapo mapingamizi. Wapo watakaosema mchukuzi hufuata daftari la mkopo, si ladha. Mkopo kweli hupunguza uzito wa ushahidi wake, ila mama lishe humkopesha anayerudi, na anayerudi ameshaonja. Pingamizi la mwezi lina nguvu zaidi: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, hivyo mbalamwezi ikiwa kali soko hupoa na hata benchi bora hukosa watu. Kwa hiyo mabenchi yalinganishwe saa ileile ya siku ileile, kamwe si wiki hii na ile. Linalosumbua kweli ni la mama lishe anayeanza. Mazoea ya wachukuzi humfungia mlango, hata akipika vizuri kuliko wote, na kupunguza bei hakutamsaidia iwapo kibanda chake kiko wasikopita. Ndiyo maana ugawaji wa maeneo sokoni si suala la usafi na ushuru peke yake: anayeanza apewe nafasi karibu na mitumbwi inapopakuliwa, ambako wenye ndimi zinazoaminika watamwonja kwanza.