Lile joka letu la saiba ya Ogembo

Wadau, kuna mchezo nimeusaka miaka mingi. Tuliucheza mimi na binamu yangu kwenye saiba pale Ogembo, mwaka 2009, tukigawana dakika. Jina lilinitoka. Nilikumbuka shujaa mwenye upanga, mapigano ya zamu kwa zamu, na yai lililotoa joka dogo.

Nilianza na RuneScape ya 2001. Wapi! Ile ilitumia Java, na wetu ukibofya kitufe cha kulia cha mausi ilitokea menyu ya Flash. Zikabaki AdventureQuest (2002) na DragonFable (2006), zote za Artix Entertainment ya Marekani. Yai ndilo lililoamua: DragonFable.

Adobe iliacha kuitunza Flash tarehe 31 Desemba 2020. Mradi wa Flashpoint umehifadhi michezo mingi ya aina hiyo, ila faili tupu haikurudishii mhusika wako. Huyo alikaa kwenye seva. Bahati nzuri DragonFable bado inachezeka kupitia programu ya Artix yenyewe.

Nimeshaiweka. Akaunti aliifungua binamu, basi nikampigia simu. Nenosiri kasahau. Jina la joka analikumbuka.