Ziara ya siku moja Nyeri: Mwongozo kwa familia inayotaka kujua historia

Mji wa Nyeri uko umbali wa kilomita 150 hivi kaskazini mwa Nairobi, kati ya Mlima Kenya na safu za Aberdare ambazo wenyeji huziita Nyandarua. Ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Kati hadi mfumo wa mikoa ulipoondolewa mwaka wa 2013, na sasa ndio makao ya Kaunti ya Nyeri. Kwa familia yenye gari au nauli ya matatu, ni mojawapo ya miji michache ya bara ambako historia nzima ya ukoloni na kupigania uhuru inaweza kutazamwa kwa siku moja bila kulala hotelini.

Hata hivyo, ziara ya aina hiyo haifaulu bila mpango. Kumbukumbu za Nyeri ni za pande mbili. Zile za wageni waliotawala zimetunzwa, zina vibao na hufikika kwa urahisi. Zile za wenyeji waliopigana msituni na kuzuiliwa vijijini aghalabu hazina hata jiwe la kuzitambulisha. Mzazi asipokuwa mwangalifu, mtoto atarudi nyumbani akijua jina la kila Mwingereza aliyezikwa Nyeri, lakini asijue babu ya babu yake alikuwa wapi mwaka wa 1954.

KUONDOKA NA NJIA

Siku inayofaa zaidi ni Jumamosi. Jumapili makanisa huwa na ibada, na mawili kati ya maeneo yanayotembelewa yako katika viwanja vya kanisa. Familia itokayo Nairobi yapasa kuondoka saa kumi na mbili asubuhi kwa barabara ya Thika, ipitie Sagana na Karatina, kisha ielekee Nyeri katika njia panda ya Marua. Wasipokumbana na msongamano, wasafiri hufika mnamo saa tatu. Kutoka Nanyuki, umbali ni kilomita 60 hivi, na kutoka Karatina ni mwendo wa nusu saa. Wakazi wa Meru hupitia Nanyuki, nao wa Embu na Kerugoya hupitia Karatina.

Mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Miezi ya Juni hadi Agosti ina baridi kali na ukungu, hivyo kila mtoto apewe sweta hata kama Nairobi kuna jua. Januari na Februari ndiyo miezi mizuri ya kuuona Mlima Kenya, ingawa hata wakati huo mawingu huufunika kabla ya adhuhuri.

MAKUMBUSHO, RURING'U

Ni busara kuanzia katika Makumbusho ya Nyeri, yaliyo Ruring'u, nje kidogo ya mji. Jengo lenyewe lilikuwa mahakama ya wenyeji enzi za ukoloni, ambako kesi za Waafrika zilisikizwa kwa mujibu wa mila zao. Sasa linasimamiwa na shirika la Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Ada hulipwa kupitia mtandao wa eCitizen, kwa hivyo simu yenye chaji na data inahitajika.

Uwanja wa Ruring'u nao una historia yake. Desemba 1963, siku chache baada ya uhuru, wapiganaji wa Mau Mau walitoka msituni na kukusanyika hapo kukabidhi silaha zao kwa serikali mpya.

MAKABURI YA ST PETER'S

Katika makaburi ya Kanisa la Kianglikana la St Peter's amezikwa Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa chama cha Skauti duniani, aliyefariki Nyeri tarehe 8 Januari, 1941. Jiwe la kaburi lake limechorwa duara lenye nukta katikati. Katika alama za maskauti, ishara hiyo humaanisha kwamba mwenye kuiacha amekwenda nyumbani. Mkewe, Olave, aliaga dunia Uingereza mwaka wa 1977 na majivu yake yakaletwa kuzikwa hapo.

Katika makaburi hayo hayo kuna kaburi la Jim Corbett, mwindaji na mwandishi aliyepata umaarufu India kwa kuwaua simba marara waliokula watu. Alihamia Kenya mwaka wa 1947 na kufariki Nyeri mwaka wa 1955.

Baden-Powell aliishi katika nyumba ndogo iitwayo Paxtu, iliyojengwa mwaka wa 1938 katika uwanja wa hoteli ya Outspan. Corbett na dadake waliishi humo baadaye. Nyumba hiyo ni makumbusho madogo, na inafaa kupiga simu hotelini mapema ili kujua saa za kufunguliwa na ada.

TREETOPS NA AGIZO LA 1954

Wengi huifahamu Nyeri kwa sababu ya Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mti mwaka wa 1932 ndani ya msitu wa Aberdare. Elizabeth alilala humo usiku wa tarehe 5 Februari, 1952, na babake, Mfalme George VI, akafariki usiku huo. Alipanda mtini akiwa binti mfalme, akashuka akiwa malkia. Habari zilimfikia siku iliyofuata akiwa Sagana Lodge, nyumba aliyotunukiwa na koloni alipoolewa.

Sehemu ya pili ya kisa hicho husahaulika. Miezi minane baadaye, Oktoba 1952, serikali ya malkia huyo ilitangaza hali ya hatari nchini Kenya. Mwaka wa 1954 wapiganaji wa Mau Mau waliichoma Treetops, na jengo lililofuata likajengwa mwaka wa 1957. Kwa ziara ya siku moja, haifai kuingia katika mbuga ya Aberdare. Barabara zake huhitaji gari lenye uwezo, hasa wakati wa mvua, na muda hautatosha. Yatosha kuwaonyesha watoto msitu kutoka mbali na kuwasimulia visa vyote viwili.

Mwaka huo huo wa 1954, serikali ya kikoloni iliamuru wakazi wa Mkoa wa Kati waondolewe katika maboma yao na kuingizwa katika vijiji vilivyozungushiwa uzio na mitaro. Zaidi ya watu milioni moja walihamishwa hadi katika vijiji zaidi ya 800. Masoko na vituo kadha vya Nyeri ya leo vilianza hivyo. Watu walilazimishwa pia kuchimba handaki refu kandokando ya msitu ili kuwakatia wapiganaji chakula. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake kuhusu mateso ya wakati huo na kukubali kuwalipa fidia waathiriwa 5,228.

KIMATHI NA TETU

Katikati ya mji kuna mnara wa kuwakumbuka waliokufa wakipigania uhuru. Kutoka hapo familia inaweza kuelekea Tetu, magharibi mwa mji, alikozaliwa Dedan Kimathi tarehe 31 Oktoba, 1920. Alipigwa risasi na kukamatwa Kahiga-ini, ukingoni mwa msitu, tarehe 21 Oktoba, 1956. Alishtakiwa mjini Nyeri mwezi uliofuata kwa kosa la kuwa na bastola, akahukumiwa kifo, na kunyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari, 1957. Sanamu yake iko Nairobi, ambako ilizinduliwa mwaka wa 2007.

Njia za Tetu zina kona nyingi. Ni heshima, na pia njia ya hakika, kusimama sokoni, kuwaamkua wazee na kuomba mwenyeji wa kuelekeza. Akitumia muda wake, apewe chochote cha shukrani. Tetu hiyo hiyo ndiko kuliko Ihithe, kijiji alikozaliwa mwaka wa 1940 Profesa Wangari Maathai, mwanamke wa kwanza Mwafrika kutuzwa Nobeli ya Amani, mwaka wa 2004.

MATHARI

Familia itakayobaki na saa moja itembelee Mathari, misheni ya Wakonsolata. Huko kuna kanisa la kumbukumbu lenye mabaki ya wanajeshi wa Italia waliokufa Afrika Mashariki wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wengi wao wakiwa mateka. Pamoja nao amelazwa Duke wa Aosta, aliyekuwa mtawala wa Waitaliano katika Afrika Mashariki, aliyefariki Nairobi akiwa mateka mwaka wa 1942.

Wakatoliki watataka pia kuwaeleza watoto juu ya Sista Irene Stefani, aliyeitwa Nyaatha, yaani mwenye huruma. Alifariki Gikondi mwaka wa 1930 baada ya kumuuguza mgonjwa wa tauni, na akatangazwa Mwenyeheri mjini Nyeri tarehe 23 Mei, 2015.

CHAKULA NA GHARAMA

Mikahawa ya mjini huuza vyakula vya kawaida, lakini familia kubwa huokoa pesa ikibeba chakula chake: nduma, viazi vitamu, mayai ya kuchemsha na chai ndani ya chupa. Wakati wa kurudi, soko la Karatina ni mahali pazuri pa kununua mboga, ndizi na maparachichi. Safari ya kurudi Nairobi ianze saa kumi jioni ili giza lisiwakute njiani.

KITI CHA MZEE

Jambo muhimu kuliko yote halilipiwi. Aliyekuwa na miaka 10 wakati wa agizo la vijiji sasa amepita miaka 80. Familia iliyo na nyanya au babu wa umri huo imtengee kiti cha mbele garini, na mtoto mmoja apewe daftari. Waulizwe maswali rahisi: Kijiji chenu kiliitwaje? Mlikula nini? Nani hakurudi? Asiyetaka kujibu asishurutishwe, kwa kuwa wapo waliokuwa upande wa wapiganaji na wapo waliokuwa walinzi wa serikali, na mara nyingine walitoka katika boma moja.

Kaburi la St Peter's litakuwepo mwaka ujao. Mashahidi wa 1954 wanapungua kila mwaka, na mengi wanayoyajua hayajaandikwa katika kibao chochote.