Kanisa la Mkunazini na Watu wa Handeni na Korogwe

Mwanafunzi wa Handeni au Korogwe asomapo habari za Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, Unguja, asidhani kuwa asoma habari za ugenini. Katika karne ya 19 watu wa Uzigua walitekwa au, njaa ilipokaza, wakauzwa na kuteremshwa pwani. Njaa ya miaka ya 1830 iliwatupa Wazigua wengi hadi bonde la mto Juba, Somalia, ambako vizazi vyao vimeihifadhi lugha ya wazee. Wengine walivushwa Unguja, na pale palipokuwa na soko kuu la watumwa ndipo lilipo kanisa hili.

Soko lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873, enzi ya Seyyid Barghash. Siku ya Noeli ya mwaka huo huo jiwe la msingi likawekwa. Ujenzi ulisimamiwa na Edward Steere, mtaalamu wa Kiswahili aliyekuwa askofu kuanzia 1874, na Noeli ya 1877 ibada ya kwanza ikafanywa. Kuta ni za mawe ya matumbawe. Paa lake limepinda mfano wa pipa lililopasuliwa, nalo ni la saruji na vipande vya matumbawe. Walikuwapo walioamini kwamba litaporomoka, lingali limesimama. Madirisha membamba yenye ncha yachanganya mitindo ya Ulaya na Uarabuni. Mapokeo yasema kwamba madhabahu imejengwa pale uliposimama mti wa kuwafungia watumwa waliochapwa viboko.

Uhusiano na bara haukukatika. Mwaka 1911 Askofu Frank Weston alianzisha chama cha masista wa Mateso Matakatifu. Masista hao walihudumia wagonjwa Magila, na huko Handeni, Kideleko na Kwamkono. Weston mwenyewe alifariki mwaka 1924, akazikwa Magila.

Hata hivyo, uzuri wa jengo usituzuie kuhesabu miaka. Kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa: kisheria uliondolewa Unguja mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Mtu aliyeuzwa akiwa mtoto aliweza kuzeeka mtumwa huku kengele za Mkunazini zikilia. Mwalimu awafundishapo vijana sifa za kanisa hili, na awafundishe pia miaka hiyo.